Nilivyomsifu Mzee Gatimu

Jumatatu, 10 Machi

Siku tano zimebaki. Jumamosi naenda Karatina na wazee wetu kubisha hodi kwa Mzee Gatimu, baba yake Wangechi, ninayetaka kumwoa. Nina miaka thelathini na saba, nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo hapa Gatitu, watu wazima wananiita Muriithi wa duka kwa heshima, na bado namwogopa mzee huyo kama mtoto wa darasa la nne.

Tumekutana mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kazi yangu. Nikamjibu, nikaongeza kwamba pia nina blogu. Akauliza blogu ni mnyama gani. Mara ya pili hakuuliza kitu. Aliangalia viatu vyangu tu, kuanzia chai mpaka kuagana.

Kwa hivyo, mpango. Nitaandika makala ya kumsifu kwenye blogu yangu, Mwangaza wa Gatitu. Ataisoma kabla ya Jumamosi, moyo utalainika, wazee wangu watapata kazi rahisi. Nimemweleza Wangechi kwa simu. Amesema makala ni sawa, lakini nisiguseguse sura ya blogu, maana kila nikiigusa kitu huharibika. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha pale Nyeri mjini, basi anadhani mambo ya sura ni yake peke yake. Mwaka jana niliigusa mara moja, herufi zote zikawa za Kirusi. Mara moja tu!

Shida ni kwamba sura yenyewe inaaibisha. Simiyu, mwalimu wa kompyuta aliyepanga chumba cha pili kutoka changu, ana blogu ya kandanda ambayo mpira hubingirika ukurasani unaposoma. Yangu ina maandishi na picha ya kabichi. Siwezi kumweka Mzee Gatimu kando ya kabichi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua, hakuna wateja. Tangu asubuhi natafuta muundo mpya wa blogu. Kila nikibonyeza, onyo jekundu linatokea: hifadhi nakala kwanza, la sivyo unaweza kupoteza kila kitu. Sijui kuhifadhi nakala. Nilifumba macho nikabonyeza Endelea.

Lakini nimepata! Muundo unaitwa Heshima. Picha ya rangi unaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, unaizungushia fremu nyeusi, na juu ya ukurasa kuna mshumaa mdogo, mwali wake unachezacheza. Mshumaa na Mwangaza, vinaendana kabisa. Nilihisi nimewahi kuona kitu kama hiki nikakipenda. Labda dukani kwa Wangechi. Huko kuna vijitabu vingi vya namna hii, hasa siku za Jumatano, na wateja wake huwa watulivu sana.

Jioni Simiyu alipita, akaangalia skrini, kisha akanipa pole. Nilimwambia asante, kazi ya blogu kweli inachosha.

Jumatano, 12 Machi

Makala imekamilika. Kichwa: “Mzee Gatimu, Mtu wa Watu.” Kwa kuwa alistaafu, nimetumia “alikuwa”. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kwa miaka thelathini. Hakumdhulumu mkulima hata kilo moja. Alipenda kanisa lake. Alipenda chai ya maziwa. Nilipojisomea kwa sauti machozi yalinilengalenga. Chini ya picha nimeandika jina lake na mwaka aliozaliwa, 1949, ili watu waone umri wa kuheshimiwa.

Kisha plagini, yaani vile vidude vya kuongezea blogu uwezo. Nimeweka tatu. Ya kwanza inasambaza kila makala kwa Facebook na kwa namba za simu utakazoipa. Sikuona pa kuchagua chache, nikaipa zote zilizo kwenye simu yangu. Ya pili inajibu maoni ya wasomaji hata nikiwa sipo. Ya tatu inashughulika na miaka. Blogu za maana huwa na mstari chini kabisa unaoonyesha zilianza lini mpaka mwaka huu. Mimi niliandika 2019 tu, yenyewe ikaongeza kistari na 2025. Ikaniuliza ifanye hivyo kwa mstari wa chini pekee au popote itakapoona mwaka. Nikachagua popote. Kwa nini nichukue kidogo?

Kesho saa nne nabonyeza. Naogopa. Je, nikiwa nimekosea jina la kiwanda? Je, kama hapendi watu wajue mambo ya chai?

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote.

Nilibonyeza saa nne na dakika kumi. Papo hapo woga ukanishika. Akipiga simu je? Akiuliza nani alinipa ruhusa ya kutumia picha yake? Niliikata kutoka kwenye picha ya harusi ya binamu yake Wangechi, na Mzee amekunja uso. Nikazima simu, nikaifukia chini ya gunia la mbegu za maharagwe. Nilikaa hivyo mpaka saa tisa. Nilimuuzia dawa ya kupe mtu aliyetaka mbolea.

Saa tisa nikaiwasha. Simu arobaini na tatu sikuzipokea. Kumi na tisa zilikuwa za Wangechi. Na nilikuwa nimeongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp lililoitwa Safari ya Mwisho ya Mzee Gatimu.

Nilisoma jina hilo mara nne. Safari ya mwisho. Mzee amefariki! Nikakalia gunia la mbolea. Nilimpigia Wangechi, nikasikia kilio na maneno mawili, “baba yangu”, kisha ikakatika. Maskini Mzee. Siku ileile niliyomsifu. Ndipo wazo baya likaniingia: labda alisoma makala akafurahi kupita kiasi, moyo ukashindwa. Nimemuua kwa sifa! Na baada ya hapo, Mungu anisamehe, nikawaza kuhusu Jumamosi. Wazee wangu sasa wataongea na nani?

Nikanunua kilo nne za sukari, nikafunga duka, nikaenda Karatina. Simiyu alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshika nyundo, anapigilia vigingi vya hema, na kila mtu anamsifu. Hata kwenye matanga ananishinda.

Boma lilijaa. Viti vimepangwa, sufuria kubwa iko motoni, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe wanaimba langoni. Baba mdogo Dedan, ambaye ndiye msemaji wetu wa Jumamosi, tayari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Nikaketi kando ya mama mmoja anayeitwa Wachuka, nikamuuliza polepole Mzee alifariki vipi. Akasema hajui, hakuna anayejua, mke wa Mzee anazimia tu, na Mzee alitoka asubuhi na simu yake haipatikani. Wote walisoma kwa simu. “Si hii hapa? Iko kwa blogu ya kijana fulani wa Gatitu.” Akanionyesha.

Mshumaa ulikuwa unachezacheza. Picha nyeusi na nyeupe, fremu nyeusi. Mzee Gatimu, 1949 – 2025. Mtu wa Watu. Alipenda chai ya maziwa.

Chini kulikuwa na maoni mia mbili na kumi. Sijawahi kupata zaidi ya matatu. Poleni sana familia, Mungu awafariji. Tumepoteza nguzo. Na chini ya kila moja plagini yangu ilikuwa imejibu: “Asante! Tumefurahi kwamba umefurahia. Karibu tena!”

Nilijaribu kufuta makala palepale lakini nikakosea neno la siri mara tatu, blogu ikanifungia nje. Nikaenda jikoni kumtafuta Wangechi. Alikuwa amemshika mama yake, macho yamevimba. Nikafungua kinywa nimwambie. Hapo ndipo pikipiki iliposimama langoni.

Alikuwa Mzee Gatimu, na samaki wawili waliofungwa kwa gazeti. Alikuwa ameshinda Sagana kwa dada yake, na simu iliisha chaji asubuhi. Nyimbo zikakatika. Mama mmoja alikimbia na mwiko, na baba mdogo Dedan akapotelea nyuma ya hema. Mzee akaangalia viti, akaangalia hema, akavua kofia kwa adabu. Akauliza kwa sauti ya chini, “Nani amekufa kwa boma yangu?”

Kwa nini nilijibu mimi, sijui. Ni woga. Nilisema, “Ni wewe, Mzee.”

Ijumaa, 14 Machi

Sijala. Kila pikipiki ikipita nje najificha nyuma ya kaunta.

Wangechi hapokei simu. Alituma ujumbe mmoja. Anasema alilia kutoka Nyeri mpaka Karatina, na njia nzima alikuwa akiwaza kwamba ni yeye atakayepanga kurasa za kijitabu cha mazishi ya baba yake na kuchagua picha, kwa sababu ndiyo kazi anayowafanyia watu kila wiki. Nimeusoma nikalia. Hilo linauma kuliko woga. Nilikuwa namtafuta yeye tu, na nimemwonjesha kifo cha baba yake.

Baba mdogo Dedan ameleta neno la Mzee. Kesho twende, lakini si kwa mambo ya binti. Twende na kondoo dume aliyenona. Wazee wa ukoo wao wamesema mtu aliyetangazwa amekufa akiwa hai havuki mlango wake mpaka kondoo achinjwe na yale maneno yarudishwe yalikotoka. Mchungaji amekubali, mradi maombi yatangulie. Kwa hivyo Mzee amelala kwenye ghala la mahindi. Nimemlaza Mzee Gatimu ghalani! Nani atanipa binti baada ya hapo?

Blogu imenifungulia mchana. Nikafuta makala. Nilifikiri imekwisha. Plagini ya kusambaza ikawatumia watu wote taarifa yenyewe: “Mzee Gatimu hapatikani tena.” Watu kumi na saba wametuma pole upya.

Jumamosi, 15 Machi

Niko hai.

Kondoo alichinjwa, maombi yakafanywa, na saa sita Mzee akaingia nyumbani mwake huku akina mama wakimpigia vigelegele. Kisha akaniita ndani, mimi peke yangu. Mezani kulikuwa na karatasi. Ilikuwa makala yangu. Alikuwa amemwagiza Wangechi amchapishie nakala kabla sijaifuta.

Akasema ameisoma mara tatu. “Hii maneno ni nzuri sana. Shida ni moja, umeharakisha.” Akainua Biblia, akatoa karatasi nyingine chini yake. Ilikuwa na majina kumi na mawili, ya watu ambao hawakuja kumlilia. Mmoja ni jirani ambaye wamekunywa chai pamoja tangu 1980. Akaikunja taratibu, akairudisha. Nilivyomwona, hakuwa na huzuni hata kidogo.

Akaniuliza kama nililia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nililia kwa ajili yake au kwa ajili ya Jumamosi. Nikasema zote mbili. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema angalau naogopa kumdanganya. Akatupa siku nyingine ya kuja kwa mambo ya binti, tarehe kumi na mbili Aprili, kwa sharti kwamba nisiiguse blogu ile mpaka siku hiyo. Mchungaji akaitwa ndani, nikaapa mbele yake.

Wangechi alinisindikiza mpaka langoni. Tulipofika akanishika mkono. Akasema nikigusa hata herufi moja atanipangia kurasa zangu mimi mwenyewe, zenye mshumaa, na atazichapisha zikiwa na tarehe kamili. Alikuwa anatabasamu kidogo. Nimerudi Gatitu nikiwa mtu mwepesi.

Jumapili, 16 Machi

Woga umerudi, na ni wa haki. Jana nikiaga, Mama Wangechi alininong'oneza jambo. Alisema Mzee amesifiwa nchi nzima ikasoma, na yeye aliyempikia hiyo chai ya maziwa miaka arobaini na tano hajapata hata mstari mmoja. Alisema kwa kicheko, lakini macho hayakucheka. Mama mkwe akikasirika, tarehe kumi na mbili tutafungiwa lango.

Nimewaza ibada nzima. Ile blogu siwezi kuigusa, niliapa. Kwa hivyo baada ya kanisa nimefungua nyingine. Muundo wake hauna mshumaa wala fremu nyeusi. Unaitwa Bustani ya Amani. Picha inabaki na rangi zake, maua meupe yanaizunguka duara zima, na juu kuna njiwa wawili wanapaa. Onyo jekundu lilitokea, nikafumba macho. Plagini nimeweka moja tu, ile ya kusambaza. Miaka sikuandika kabisa. Mtu hawezi kusema sijajifunza.

Kichwa cha makala: “Mama Mpendwa, Hatutakusahau.”

Simiyu amechungulia mlangoni, akasoma, akaniangalia kwa muda mrefu. Ameenda chumbani kwake akatoka na nyundo. Sijui leo anajenga wapi.

Nimebonyeza. Simu nimeizima, nimeiweka chini ya gunia la maharagwe.