Kifungeni Chumba Kile, Kimenimalizia Huruma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Uchumi,
Encarnación, Paraguay.

YAH: KUUNGA MKONO CHUMBA CHETU KIGEUZWE STOO

Mheshimiwa Dokta Villalba,

Natumaini joto la wiki hii halijakushinda. Mimi ni Derlis Cañete wa mwaka wa tatu, yule wa kiti cha magurudumu anayegonga ndoo ya mfagiaji kila asubuhi. Tangazo lako linatuuliza maoni: je, chumba cha chini tunamokutana wanafunzi wenye ulemavu kigeuzwe stoo ya viti vibovu? Wenzangu wote wamepinga. Mimi naunga mkono kwa moyo mweupe, na sababu zangu ni hizi:

1. Kimenimalizia huruma. Zamani nilikuwa mlemavu peke yangu hapa kitivoni, na nilikula vizuri. Ña Nimia, muuza chipa, vile vimkate vya jibini, wa getini, kila akiniona alifuta chozi na kuniongezea chipa ya pili. Siku tulipomwendea kundi zima alitutazama, akashusha kikapu: "Yarabi, wanangu, mko wengi hivi? Chozi langu haliwatoshi. Pangeni foleni kama watu!" Sasa napanga foleni kama watu.

2. Kimeniharibia kufeli. Nilikuwa nimefeli Takwimu mara mbili, kwa heshima zote, maana darasa lilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikufa kabla sijazaliwa. Hakuna aliyenilaumu. Ndipo wenzangu wa chumba kile, Isidro, asiyeona, na Fidelina, asiyesikia, wakaweka duara la tereré, chai yetu ya baridi, katikati ya ngazi: jagi la maji ya barafu, pembe moja ya kunywea, mrija mmoja kwa wote. Wewe ni mtu wa hapa, Mheshimiwa. Nani ataruka duara la tereré, na nani akikaribishwa atakataa? Profesa aliketi kwenye kipandio cha pili, akanywa, akafundisha papo hapo. Wiki iliyofuata akahamishia darasa chini. Nimefaulu. Mama yangu, aliyezoea kunifariji, sasa hana kazi.

3. Humo hatoki mtu. Hili ndilo kubwa. Mwezi wa Agosti niliamua kuacha chuo. Nilikuwa na huzuni yangu safi, ya mtu mmoja, wala sikumwomba mtu anisaidie kuibeba. Nikaenda chumbani kuaga kistaarabu. Pembe iliponifikia nikanywa, nikairudisha, nikasema asante. Hata mtoto mdogo anajua kwamba ukisema asante umetosheka, zamu yako irukwe. Isidro, ambaye ndiye mmiminaji wetu, akajaza tena na kuninyooshea mimi.

Nikamwambia, "Nimesema asante, bwana!"

"Nani kasema? Mimi sikuona mtu."

Nikamgeukia Fidelina, anayesoma midomo. Akafumba macho.

Nilipopandwa na hasira, Isidro akaniambia, "Kama umetuchoka, si usimame uondoke!" Mheshimiwa, huo ni utani wa kumfanyia mlemavu? Nilicheka mpaka maji yakanipalia, na shughuli ya kuacha chuo ikanipotea kabisa. Wahenga walisema umoja ni nguvu. Hawakusema nguvu hiyo humwangukia nani.

4. Kwa hiyo naomba chumba kifungwe upesi, na sisi tutawanywe vitivo mbalimbali, ikiwezekana Isidro apelekwe ng'ambo ya mto. Nami nirudishiwe chipa yangu ya pili, sababu yangu ya kufeli, na huzuni yangu ikiwa nzima kama nilivyoiacha.

Nisalimie mama watoto, makatibu wote wa ofisini, na lifti, siku itakapofufuka.

Wako mtiifu asiye na pa kukimbilia,
Derlis Cañete

N.B. Kabla sijaileta barua hii nilipita chumbani kuchukua jagi langu, nikakuta vijana wa stoo wameshafika na viti vibovu. Sijui kilichonipata. Nimeegesha kiti changu mlangoni na kufunga breki. Hiki si kibovu. Hakiingii stoo, wala hakiondoki. Isidro anamimina. Fidelina kafumba macho, asije akaambiwa tutoke. Vijana wenyewe wameketi juu ya viti walivyobeba, wanangoja zamu. Mlinzi, Don Eusebio, ndiye anayekuletea barua hii, tafadhali usiisome. Kama umeshaisoma, njoo, pembe itakufikia. Ila ukishakunywa, usituambie asante.