Komisiyo ya Michezo ya Lazima

Siku ya posho, ndiyo samedi, saa sita ya muchana, radio ilijulisha raia wote wa Bunia, wa mujini na wa pembeni, wenye umeme na wasio na umeme, kwamba Mouvement, kundi ya wenye bunduki yenye ilikuwa inatawala muji wakati ule, imeunda, kwa haraka kubwa, Komisiyo ya kuchagua michezo ya televizyo ambayo kila mutu analazimishwa kucheza kabla ya kufa. Maneno «kabla ya kufa» waliyaweka wenyewe. Miye sikuongeza kitu.

Haraka ile ilieleweka. Ilikuwa mwaka wa deux mille deux, elfu mbili na mbili. Robinet zilikuwa zimekauka, kinini za malaria zilikuwa zimeisha, barabara ya Mambasa ilikuwa imefungwa, na watu wenye kukimbia vita ya Djugu walikuwa wanalala ndani ya madarasa. Lakini vitu ile yote ilikuwa na komisiyo zake tayari. Michezo ya televizyo tu ndiyo ilibaki bila mwenye kuichunga.

Rais wa Komisiyo alikuwa Commissaire Hippolyte, mwanaume wa suti ya kijani na viatu ya ncha, mwenye kusema kila neno kama vile iko analipiga muhuri. Wa usalama alikuwa Commandant Fiacre. Sekreteri alikuwa Anselme, mwalimu wa zamani, juu alikuwa na bic yenye wino. Na vice-présidente alikuwa miye, bibi muzee, Koko Valérie wa mutaa wa Mbunya, mwenye cheti ya darasa la sita. Nilichaguliwa juu wamama walihitaji mutu wa kuwasemea, na juu mashini ya kuchezea michezo ile ilikuwa yangu. Mujini kulikuwa mashini zingine, lakini zote zilikuwa zimeisha kuibiwa na wakubwa, na mukubwa hapana kuombwa kitu.

Mashini yangu ilinunuliwaka Kampala na mwana wangu Lucien. Lucien aliendaka Marabo kutafuta mihogo, hajarudia. Aliniachia binti yake Glodie, wa miaka kumi na mbili, na televizyo, na manete mbili za kushika mukononi kwa kucheza, moja imefungwa na kitambaa ya bleu. Batteri ya motokari ndiyo ilikuwa inailisha. Na mashini ilikuwa na tabia yake: inasoma disque ikiwa imelala tumbo juu tu. Ukiiweka sawasawa kama mutu wa heshima, televizyo inabaki nyeusi.

Kila asubuhi watoto wa avenue walikuwa wanakuja, mutu na kipande yake ya kuni ao kikombe yake ya maharagi. Wanaketi ku banc murefu ya mbao, wanangojea zamu. Mwenye kushindwa anaamuka, mwengine anaketi. Na banc ile ilikuwa na faida moja ingine, naisema taratibu. Kulikuwa camion moja ya askari, yenye ilikuwa inapita ku avenue karibu saa ine, kuokota watoto kwa mafunzo ya uzalendo. Mutoto mwenye kuonekana njiani bila kazi, alipanda. Mutoto mwenye kungojea zamu kwangu hakuonekana.

Basi Commissaire alituma askari wachukue mashini yangu kwa uchunguzi. Nilimuuliza moja wao swali moja tu.

—Mwanangu, uchunguzi utaisha lini?

—Koko, serikali haina haraka.

—Radio ilisema haraka.

—Ile ilikuwa haraka ya kuanza, Koko. Ya kumaliza ni ingine.

Kikao ya kwanza ilikuwa siku ya kwanza ya juma, ndani ya ofisi yenye plafond, dari yake, ilikuwa imeanguka nusu. Tuliketi ndani ya fotei, viti za wakubwa, za velours nyekundu. Nilichukua mashini, nikaigeuza tumbo juu. Commissaire alisimama.

—Mama vice-présidente, unafanya nini?

—Naiwasha, Excellence.

—Mashini ya serikali haiwezi kulala tumbo juu mbele ya wakubwa. Ile ni picha ya nini?

Askari aliigeuza, akaiweka sawasawa. Televizyo ikabaki nyeusi. Niliwaambia sababu. Walinijibu kwamba uchunguzi lazima uheshimu utaratibu. Siku mbili nzima Komisiyo iliangalia televizyo nyeusi, manete mukononi, kila mutu na zamu yake. Procès-verbal ya kikao, yenye Anselme aliandika, ninayo mupaka leo: «Muchezo wa kwanza. Hauna damu, hauna matusi, haupendelei kabila. Unakosa mwendo kidogo. Umekubaliwa kwa sauti zote.»

Siku ya tatu Commissaire alichelewa, nikaigeuza tumbo juu na kuifunika kitambaa ya mesa, na maua juu yake. Hakuna mwenye aliona. Commissaire alifika, akashangaa namna muchezo umepiga hatua.

Tulianza na mupira. Commissaire alikuwa anaupenda. Commandant Fiacre alikunja uso.

—Miye sielewe kitu moja. Ule wa nguo nyeusi, mwenye filimbi. Anafukuza mutu uwanjani bila kuuliza ni mutoto wa nani?

—Ni arbitre, Afande, Anselme akasema.

—Iko na bunduki?

—Hapana.

—Na wanamusikia?

—Wanamusikia.

—Na saa ikiisha, wote wanatoka? Hata mwenye alikuwa anashinda, anaachia uwanja?

—Anaachia.

Commandant akatikisa kichwa muda murefu. Mupira uliandikwa ku liste, lakini na sharti: raia wacheze tu, wasifikirie.

Muchezo wa motokari nao ulileta kazi. Commandant aliangalia motokari ikizunguka tours tatu, kisha akaruka ku fotei.

—Hakuna barrière! Hata moja! Motokari inazunguka muji muzima, hapana kusimama, hapana kuonyesha karatasi, hapana kumwachia askari hata kuku!

Waliamua muchezo ule ni wa lazima, lakini ku kila tour muchezaji aweke manete chini, ashuke ku kiti, angojee dakika kumi, kisha aendelee.

Wa matofali ndiyo Anselme aliutetea na machozi karibu. Matofali inaanguka toka juu, unayapanga. «Ni muchezo wa kujenga inchi, Excellence!» Commissaire alipanga musitari moja vizuri, kutoka ukuta mupaka ukuta. Ule musitari ukapotea.

—Matofali yangu iko wapi?

Aliinama, akaangalia nyuma ya televizyo.

—Nauliza. Nimejenga, imejaa, imepotea. Nani amechukua?

Tuliangalia wote upande moja, bila kupatana.

—Miye sijagusa! Commandant akapiga kelele. Askari wangu walikuwa inje!

Ilikuwa siku ya tano. Siku ile, saa ine, nikiwa ndani ya fotei yangu, nilisikia camion inapita. Magaribi jirani yangu Bernadette alinipokea ku mulango, ameshika Sébastien, mutoto wake, ku shati. Askari walikuwa wameisha kumupandisha ndani ya camion. Mama yake alimuvuta muguu mupaka kiatu kikabaki mukononi, kisha mutoto naye akafuata, Mungu asifiwe.

—Koko, ile komisiyo yenu itarudisha mashini lini? Leo watoto walikuwa njiani kama kuku. Glodie wako alilala chini ya kitanda yangu toka asubuhi.

Nilimuambia bado tunachunguza matofali.

Kesho yake ilikuwa zamu ya muchezo wa vita. Commandant alitaka ukuwe wa lazima kwa wote, kuanzia wenye meno ya kwanza. Commissaire aliusifu: ndani yake mutu anakufa mara tatu na kila mara anaamuka. «Ni dawa ya moyo wa askari,» akasema. Miye nikainua mukono.

—Excellence, mara ya tatu ikiisha, inaandika kitu. Glodie alinisomea.

—Inaandika nini?

—Inauliza mutu kama anataka kuendelea. Ndiyo ao hapana.

Commandant aliweka manete chini. Inje mbuzi moja ililia. Ndani ya Bunia muzima, toka vita ilianza, hakuna mwenye alikuwa amepata swali ile. Commissaire alifungua kola ya shati, akasema ile ni swali ya siasa, na Komisiyo yetu ni ya kiufundi. Ikawekwa kwa kikao ingine.

Miye sikuwa na siku za kupeleka ku kikao ingine. Nilisema:

—Excellence, liste iko muzuri sana. Lakini liste bila règlement, bila sheria zake, si ni karatasi tu?

Uso wake ulibadilika. Ilimuuma kwamba hakufikiria.

—Nani iko na règlement?

—Iko kwangu, imebandikwa ku ukuta. Glodie aliiandika na makala ya jiko juu ya carton.

Carton ililetwa. Anselme alibadilisha maneno yangu yawe ya serikali, kisha akasoma kwa sauti. Article ya kwanza: michezo ya lazima itachezwa mahali tu penye banc ya kungojea. Article ya pili: mwenye kushindwa anaamuka na kutoka inje, hata awe nani. Article ya tatu: mwenye kucheza, na mwenye kungojea zamu ku banc, hakuna mamlaka yoyote ya kumuondoa. Commissaire alipendezwa na neno «mamlaka». Alitia saini na muhuri mara tatu, Commandant naye akatia saini yake, bila kusoma, juu alikuwa bado na hasira ya matofali.

Kisha wakaangalia ofisi. Ilikuwa na fotei nane na hakuna banc hata moja. Mashini ilirudia Mbunya mbele ya jua kushuka, nikiifuata na miguu.

Liste ilitangazwa ku radio. Namba ya kwanza ilikuwa televizyo nyeusi, muchezo wenye ulichunguzwa siku nyingi na haukupingwa na mutu.

Juma lenye lilifuata, saa ine, camion ilisimama ku mulango yangu. Askari aliingia, akakuta watoto kumi na moja ku banc, Glodie na Sébastien katikati.

—Hawa wote wapande!

—Article ya tatu, mwanangu, nikasema, nikamuonyesha karatasi ya muhuri ku ukuta.

Aliisoma na kidole, akaenda kuita Commandant Fiacre. Commandant alisoma naye, akafika chini, akakuta saini yake. Aliiangalia kama mutu mwenye kukutana na deni yake njiani.

—Koko, hawa watangojea mupaka lini?

—Afande, serikali haina haraka.

Camion ilienda bure. Siku zenye zilifuata vilevile. Wamama wa avenue ingine walileta watoto na banc zao.

Kisha Mouvement ingine iliingia Bunia, kama ilivyokuwa desturi. Siku mbili ya kishindo ya bunduki, tukalala chini ya vitanda. Siku ya tatu, asubuhi, mutu moja alipita nyuma, upande wa choo, amejifunga pagne ya wamama na kitambaa ku kichwa, na viatu ya ncha chini. Hakusalimia. Aliketi mwisho wa banc.

—Commissaire? Glodie akauliza.

—Usiniite vile, mwanangu. Miye nangojea zamu.

Askari wapya waliingia nyuma yake, na lieutenant wao. Nilimuonyesha décret, ile karatasi ya muhuri. Alisoma, akakuna kichwa. Walikuwa na amri kwamba décret za zamani zinaendelea mupaka zipya zitoke, na komisiyo ya kutoa décret mupya ilikuwa haijaundwa.

—Na huyu mama wa viatu ya ncha?

—Iko nyuma ya Sébastien.

—Basi tutamungojea inje. Akishindwa tu, anatoka. Article ya pili.

Waliketi juu ya ngazi yangu. Sébastien alicheza, alishindwa, aliamuka. Glodie akanyoosha manete yenye kitambaa ya bleu.

—Zamu yako, Papa.

Ule mwanaume alivuta pagne mupaka ku viatu. Aliniangalia.

—Koko, miye sijui kushinda hata moja.

—Iko moja unajua sana, nikamuambia.

Nikachukua mashini, nikaiweka sawasawa, kama mutu wa heshima. Televizyo ikawa nyeusi. Alishika manete na mikono mbili.

Saa tisa lieutenant aliingiza kichwa.

—Koko, anacheza nini huyu?

—Namba ya kwanza ku liste, mwanangu.

—Na anashindwa lini?

—Bado iko anaanza.