Waraka wa Kuchana Kuanzia Juu

Ninayo heshima kubwa, pamoja na barua ya uteuzi yenye mihuri mitatu, kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita, saa mbili kamili asubuhi, mafundo ya nywele yamekoma. Atakayebaki na fundo kichwani amebaki nalo kwa hiari yake, na atalieleza kwa maandishi, nakala tatu.

Mimi ni Katibu wa Idara ya Nywele Nyembamba za Kipilipili. Wanaodhani idara hii ni mzaha hawajasoma ripoti yetu. Nywele hizi ni nyembamba kama uzi wa kushonea na zimejikunja kama springi. Ukizigusa vibaya zinashikana, ukizilazimisha zinakatika. Watumishi walikuwa wakichelewa kazini, wengine wakiingia na meno ya chanuo bado kichwani. Mama mfagiaji wa ghorofa ya pili alizoa nywele zilizokatika kizoleo kizima kila asubuhi. Tukakaa vikao kumi na tisa kulijadili. Yeye hatukumwita, kwa kuwa hakuwa mjumbe.

Vikao vilizaa Waraka Namba Moja. Nywele zichanwe zikiwa kavu, kwa sababu maji yako chini ya idara nyingine. Zichanwe kwa Chanuo Rasmi lenye meno themanini, kwa sababu chanuo la meno kumi linatoa huduma kidogo. Na zichanwe kuanzia juu, kwenye ngozi, kushuka hadi ncha kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kila jambo la maana katika idara yetu huanzia juu. Hoja hii ya mwisho ilitoka kwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, na tuliipigia makofi mpaka mlinzi akapanda ngazi kuangalia kuna nini.

Kuhusu Mkurugenzi, niseme kidogo. Tangu ateuliwe miaka minne iliyopita amefuga afro. Ni afro ya kupendeza, hasa ukiitazama kwa mbali na kutokea upande wa kushoto. Hakuna mtumishi aliyewahi kugundua kwamba inapungua utosini. Nimewauliza wote, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Kazi ya kwanza ya utekelezaji iliniangukia saluni kwa shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Ni chumba kimoja: viti vitatu, kioo chenye ufa, ndoo mbili na feni inayogeukia upande mmoja tu. Miaka kumi na miwili amelea vichwa humo. Walioingia na mapengo kichwani wametoka na nywele za kufunga. Siku hiyo nilimkuta akitenda kosa waziwazi. Kichwa cha mwalimu mmoja amekilowesha kwa chupa ya kupuliza, amekigawa mafungu manne kwa vibanio, amekipaka mafuta, na anafungua fundo kwa vidole. Tena anaanzia kwenye ncha.

"Shemeji, unaanzia chini," nikamwambia.

"Salamu kwanza, shem. Halafu vua viatu, sakafu haijakauka."

"Waraka unasema juu."

"Huo waraka una nywele?"

Mwalimu akachekea puani. Nikakiandika kicheko hicho kwenye fomu.

"Njoo uone," shemeji akasema, mikono haijasimama. "Fundo liko hapa katikati. Ukianzia juu, unalisukuma likakutane na wenzake huko chini, wakaze, wang'oke na nywele. Mimi nashika hapa juu yake, ngozi isivutwe. Nafungua ncha, napanda kidogo, nafungua tena. Nywele hizi hazitaki ubabe."

"Utaalamu wako umepokelewa," nikasema, nikaifunga saluni.

Niliifunga kwa utepe mwekundu wa idara, fundo juu ya fundo, kumi na manne. Kanuni ni kali: utepe haukatwi, hufunguliwa, na anayeufungua ni yule aliyetia saini amri ya kufunga, kwa mkono wake mwenyewe. Amri zote zilikuwa zimetiwa saini mapema na Mkurugenzi Mkuu. Shemeji alisimama nje na ndoo mkononi.

"Shem, hiki chumba ndicho maisha yangu," akasema, na safari hii hakuwa akinitania. "Sina kingine."

Iliniuma, sitasema uongo. Lakini nilikuwa na fomu nyingine nne za kujaza. Nyumbani mke wangu alianza kuniita "Ndugu Katibu," hata tulipokuwa wawili tu, na chai yangu ikawa inafika ikiwa imepoa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkurugenzi alikataa kuchana kichwa cha mfano. Kiongozi, alisema, huanza na kichwa chake. Akainua Chanuo Rasmi lenye nembo ya idara, akalizamisha utosini, akavuta kwa mkupuo mmoja. Kipaza sauti kilikuwa karibu, kwa hiyo hata waliokaa nyuma walisikia nywele zikikatika. Chanuo lilishuka upana wa vidole viwili, likagoma.

"Kama mnavyoona," akasema, machozi yakimlengalenga, "chombo kimeshika vizuri."

Tukapiga makofi. Akavuta tena, likashika zaidi. Akalisukuma, likazama. Akaita nguvu zake zote, na mpini ukakatika ukabaki mkononi. Meno na nembo vikabaki kichwani, nembo imesimama wima. Msimamizi wa shughuli akadhani ni sehemu ya ratiba, akaamuru bendi ipige.

Kamati ikaketi kwa dharura nyuma ya pazia. Mhasibu akapendekeza mkasi. Mkurugenzi akaikumbatia afro kwa mikono miwili na kusema mkasi hautapita hapo akiwa hai. Mwanasheria akataka kujua kwanza kama chanuo limekwama kwa Mkurugenzi au Mkurugenzi amekwama kwenye chanuo, maana fomu ni tofauti. Tulikuwa tukitafuta fomu zote mbili mama mfagiaji alipopita na ufagio wake.

"Si mumpeleke kwa msusi?" akasema.

Tukamshukuru, tukamwomba atoke, kisha nikaitoa hoja hiyo kama yangu. Ilipita bila kupingwa.

Shemeji alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, na wanawake watatu wamekaa kwenye benchi kando yake, vitambaa vichwani.

"Shikamoo, mkubwa," akasema.

"Marahaba," Mkurugenzi akaitika, nembo ikayumba. "Nisaidie, binti yangu."

"Nitakusaidia, baba. Ila vifaa viko ndani."

Wote tukautazama utepe.

"Kata," Mkurugenzi akaniambia. Nikamsomea kanuni. Akauliza mjinga gani aliitunga. Nikamsomea saini.

Basi akapiga magoti kwenye vumbi, suti na yote, akashika fundo la juu kabisa akavuta. Utepe ukakaza.

"Taratibu, baba," shemeji akamwambia. "Anzia kwenye ncha. Fungua kidogo, panda kidogo. Usivute."

Ilimchukua saa nzima na ushee. Kufikia fundo la tisa ulimi ulikuwa umemtoka pembeni ya mdomo, na alikuwa ameacha kututazama. La kumi na nne lilipolegea, benchi zima lilishangilia, naye akacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini. Mlango ukafunguka.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Pale mwisho. Wewe ni wa nne."

Akakaa. Zamu yake ilipofika, shemeji alipuliza maji, akapaka mafuta, akagawa mafungu manne, akaingiza vidole. Chanuo likatoka na meno yake yote themanini. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu ya feni: "Baba, nywele zako nyembamba sana, na huku utosini zinaisha. Nani alikuwa akizichana?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukianzia wapi?"

Mkurugenzi akanitazama mimi. Nami nikaitazama feni.

Alizisokota vizuri, akazifunika kwa kitambaa cha satini cha zambarau. "Usikivue mpaka kesho kutwa," akamwagiza, na Mkurugenzi, ambaye haagizwi na mtu, akaingia nacho ofisini asubuhi. Kufikia saa sita mchana wakuu wote wa vitengo walikuwa na satini vichwani. Mwanasheria, ambaye ana upara, alivaa viwili.

Saluni iko wazi. Jumamosi mimi hushika chupa ya kupuliza, na mke wangu amerudi kuniita kwa jina langu.

Waraka Namba Mbili tayari umeandikwa, na kwa agizo la Mkurugenzi mwenyewe unaanzia chini. Kwanza nilimpa mama mfagiaji, akakuta fundo kwenye mstari wa kwanza, akafuta kurasa sita. Kutoka kwake ukaenda kwa mlinzi, naye akafungua mengine mawili; sasa uko kwa matarishi, na unasomeka. Watumishi wanafika kwa wakati na kizoleo ni kitupu. Mkurugenzi hupiga simu kila siku kuuliza utamfikia lini huko juu.

Tunamwambia asivute.