Leseni ya Kitu cha Bure

Mahona alikuwa tapeli wa pikipiki. Ujanja wake wote ulikaa kwenye matairi: anaingia mjini, anamwaga maneno matamu, na kabla waliolizwa hawajamaliza kumshukuru, yeye yuko wilaya nyingine anakunywa soda. Mnyang'anye pikipiki ile, anabaki mdomo mtupu, na midomo mitupu jela imejaa.

Siku hiyo alisimama Somanda, pale pale mjini Bariadi, kuchaji simu kwenye kibanda cha Magese. Magese aliishi kwa kuwajazia watu memori kadi: nyimbo, muvi za Kikorea zilizotafsiriwa, na video za Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma za Kisukuma, ambazo mkulima wa pamba akizikosa hatoi hata senti. Kompyuta yake ilikuwa imepakua muvi hadi karibu na mwisho, mtandao ukakatika, kila kitu kikaanza upya. Magese aliitukana kompyuta, akautukana mnara, akamtukana hata aliyegundua umeme.

Mahona akasikia njaa.

"Mwangaluka, mzee wangu. Hasira za nini na dawa ipo?"

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Kuna kiprogramu, alieleza, kinabandikwa kwenye brauza. Kinalikata faili vipande vipande, kinavivuta vyote kwa mpigo. Mtandao ukikatika kinasubiri, ukirudi kinaendelea pale pale kilipoishia. Na yote hayo yalikuwa kweli tupu. Kasoro ilikuwa moja: kiprogramu chenyewe ni cha bure. Watu wema wasiojulikana wamekitengeneza bila malipo, wakaacha hata msimbo wake wazi ili yeyote ausome, aurekebishe, amgawie na jirani. Mahona aliwaonea huruma watu hao. Akaona awasaidie kazi waliyoisahau, ya kuweka bei.

"Hii ni leseni ya mkoa mzima," alisema, kiganja kakilaza juu ya skrini, hapo hapo palipoandikwa kwamba hakiuzwi. "Kuanzia Lamadi mpaka Maswa, atakayekitumia anakulipa wewe."

"Hata Marcelo wa kibanda cha ng'ambo ya barabara?"

"Marcelo atakuja kukupigia magoti."

Magese akameza mate. Tamaa ikikaa usoni mwa mtu mzima haipendezi kabisa, lakini yeye hakujali. Akauliza bei.

"Dume moja la ng'ombe," akasema Mahona. "Hela siku hizi ina maneno mengi, mara risiti, mara meseji. Ng'ombe akishafika mnadani hana ushahidi."

"Dume ninalo, ila liko Nkoma kwa kaka yangu. Na kaka hamtolei mgeni ng'ombe."

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Mahona akacheka kwa dharau. "Mgeni nani? Bibi yangu mzaa mama ni wa Nkoma hiyo hiyo! Nyanjige, aliyeolewa Tabora." Alilichagua jina hilo kwa sababu ukiita Nyanjige mnadani, nusu ya akina mama wanageuka.

Evalina, mke wa Magese, alikuwa mlangoni anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akaja, akapiga goti kumwamkia mjukuu aliyepotea. Heshima ni heshima. Mahona akampa mikono yote miwili, na skrini ikabaki wazi. Magese akaisoma, akakohoa kidogo.

"Basi wewe ni damu yetu," akasema. "Tupakie, twende Nkoma."

Wakaenda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, Evalina nyuma kabisa, Mahona akipiga mluzi njia nzima. Kichwani alikwishaliuza lile dume na kununulia shati.

Kaka mtu aliitwa Jilala, mzee mpole wa sauti, kamanda wa sungusungu. Dume lilikuwa limefungwa uani, limenona. Magese akamvuta kaka yake pembeni, wakanong'ona, kisha Jilala akaja amefungua mikono.

"Wewe ndiye mjukuu wa Nyanjige?"

"Ndiye mimi, babu."

"Aisee! Tumekungoja sana." Mzee alijifuta macho. "Nyanjige alitoroshwa. Huyo babu yako hakuleta hapa hata ndama. Na kwetu, ng'ombe za mahari zisipofika, kizazi chote ni cha hapa mpaka kikombolewe. Mungu mwema, umejileta mwenyewe."

Mahona akacheka. Alicheka peke yake.

"Babu, labda kuna Nyanjige wengine..."

"Kwa hiyo wewe si ndugu yetu?" Jilala aliuliza taratibu, na vijana wake wa sungusungu wakasogea na fimbo. "Maana kama si ndugu, ulikuja kumdanganya mdogo wangu ili ule dume lake. Na hilo tuna utaratibu wake."

Akiwa mjukuu, analipa mahari. Asipokuwa mjukuu, anakula fimbo. Mdomo uliomlisha maisha yake yote ukapiga hesabu ya fimbo, ukachagua mahari.

"Ni bibi yangu," akasema hatimaye, machozi ya kweli yakimlenga. "Nilimpenda sana."

"Vizuri, mjukuu wangu. Ng'ombe huna, tunaona. Tutaanza na pikipiki."

"Babu, jamani! Pikipiki ndiyo miguu yangu!"

"Miguu si hiyo hapo chini?" akasema Evalina, akampokonya ufunguo.

Wakamlisha ugali kwa mlenda, ale ashibe kama mtoto wa nyumbani. Jilala akampulizia maji ya baraka kifuani, shati likalowa.

Alipouvuka ua wa minyaa, Mahona aliinama kutoa kokoto kiatuni. Ndani akamsikia Evalina akimuuliza mumewe.

"Baba Flora, huyo Nyanjige alikuwa nani hasa?"

"Nitajuaje mimi? Alikuja naye mwenyewe. Kaja kuniuzia kitu cha bure, na mimi nimemuuzia bibi yake."

Kicheko kikalipuka. Kisha pikipiki ikawaka, mtu akaipiga resi mpaka kuku wakatawanyika. Mahona aliinua mguu arudi akawaumbue, akazikumbuka zile fimbo, akaushusha. Akavaa kiatu chake, akashika njia ya Bariadi kwa miguu, mjukuu halali wa Nkoma.