Kabla Bwana Kishindo Hajachapwa Upya

Kwa Ndugu Mhariri wa Jarida la Bwana Kishindo,
au yeyote aliyerithi kiti chake,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama umeketi, endelea kuketi, maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko kati ya kinyozi na fundi wa kuchomelea vyuma, na humo nimeshona suruali, sare za shule na mapazia tangu nilipojua kutunga uzi kwenye sindano. Juzi kinyozi aliniletea gazeti, kidole chake kikiwa juu ya tangazo lenu: kwamba yale majarida ya zamani ya Bwana Kishindo, shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu, yatachapishwa upya "kwa faida ya kizazi kipya". Nikakaa chini. Wakati huo nilikuwa nampima mteja kiuno, kwa hiyo tulikaa wote wawili, kwa sababu futi ilikuwa bado imemzunguka.

Ndugu Mhariri, kizazi cha zamani ndicho mimi. Mimi ndiye niliyefaidika. Ndiyo maana naandika.

Nilipofunga duka nilipanda kwenye kiti, nikashusha katoni iliyo juu ya kabati, nikayasoma majarida yote, kuanzia lile la kwanza ambapo karani wa posta anapigwa na radi huku ulimi wake uko kwenye stempu, akapata uwezo wa kupiga makofi yanayobomoa kuta. Utotoni niliyasoma kwa macho ya mapenzi. Safari hii niliyasoma kwa miwani. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, nami nayapa namba ili tusipotezane njiani.

1. Kofia. Kwa kawaida yule karani huvaa kofia. Uovu ukitokea anaivua, na papo hapo hakuna tena anayemjua. Mkuu wake wa kazi hamjui. Mpangaji mwenzake hamjui. Katika toleo la daraja lililovunjika, mama yake mzazi anamshukuru kwa kumwokoa, anamwita "kijana usiyejulikana", kisha anamwuliza kama hajamwona mwanawe huko alikotoka. Mimi niliamini. Mama alipotukataza kwenda kuogelea bwawani, nilikwenda, na wakati wa kurudi nikavaa kofia ya baba, nikapita mbele yake kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake. Mama alikuwa anaanika nguo. Hata hakugeuka. Alisema tu, "Wewe mwenye kofia, ukimaliza ugeni wako, njoo uchukue haki yako." Naomba toleo jipya liwe na onyo kwamba mbinu hii haifanyi kazi kwa akina mama.

2. Vazi. Hapa nasema kama mtaalamu. Vazi la Bwana Kishindo limembana mwili mzima, kuanzia shingoni hadi vifundoni, na halina kifungo, halina zipu, wala halina mshono. Nimelikagua kwa lenzi. Je, aliliingia kupitia wapi? Na akibanwa na haja akiwa angani, inakuwaje? Kwamba chupi ameivaa juu ya suruali, hilo nalisamehe. Kila mtu ana asubuhi zake. Lakini kile kitambaa kirefu cha mgongoni kimenitia aibu mtaa mzima. Kinyozi aliniomba nimshonee kama kile ili kuvutia wateja, nami nikafuata picha yenu kwa uaminifu. Alipokuwa anamnyoa mwalimu mkuu, feni ikakidaka kitambaa, ikamvuta kinyozi kinyumenyume, naye mashine yake ya kunyolea akawa bado ameishika. Mwalimu mkuu alihutubia mahafali akiwa na njia pana iliyonyooka toka paji la uso hadi kisogoni.

Kisha kuna rangi. Nyekundu ya kile kitambaa haitulii kwenye kitambaa. Katika kurasa nyingi imehama, imetua kwenye mashavu ya wapita njia. Utoto wangu wote nilidhani watu wakimkaribia shujaa wanaona haya.

3. Hotuba. Mkono wa Bwana Kishindo uko hewani, adui yuko mbele yake, na badala ya kupiga anasema, "Sasa, ewe mhalifu, utaonja kofi lililopikwa na haki, haki ambayo niliapa kuilinda tangu siku ile ya radi!" Adui anamsubiri amalize, tena anaonekana anasikiliza. Mimi nilidhani huo ndio utaratibu. Siku cheche za fundi wa kuchomelea zilipotoboa pazia la mteja wangu, nilikwenda nikasimama mlangoni kwake, nikainua mkono, nikaanza, "Sasa, ewe mchomeleaji..." Kumbe jirani yangu hakuwahi kusoma jarida lenu. Nilipozinduka alikuwa ananimwagia maji na kuniuliza nilitaka kusema nini, maana yeye ni mtu mwema na alitaka kujua. Nilikuwa nimesahau. Tangu hapo nina pengo mbele, linapiga mluzi kila nikitamka neno "shati", na mimi kazi yangu ni mashati.

4. Daktari Kutu. Huyu ndiye adui mkuu, aliyekusudia kuvitia kutu vyuma vyote vya mji ili watu walazimike kununua miiko yake ya mbao. Kila akimkamata shujaa anamfunga kamba, anamweleza mpango wote, anamwonyesha swichi ya mtambo ilipo, kisha anamwacha peke yake na kwenda kula. Funzo nililopata ni kwamba mtu mbaya lazima akueleze mpango wake. Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kuazima ile mashine yangu ya kutoboa matundu ya vifungo. Nilimtazama usoni, nikamwuliza una mpango gani nayo. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, mimi sina mpango wowote." Moyo ukatulia. Nilimsaidia hata kuipakia kwenye mkokoteni. Mpaka leo hana mpango wa kuirudisha, kwa hiyo kusema kweli hakunidanganya.

5. Radi na stempu. Nimelamba stempu nyingi katika maisha yangu, na mara kadhaa mvua ilikuwa inanyesha. Sina la kuongeza.

6. Binti Mpiga Taipu. Huyu ni mchumba wa shujaa, na katika kila toleo anaanguka kutoka ghorofa ya juu kabisa, naye Bwana Kishindo anamdaka. Mke wangu alipochungulia ukurasa begani kwangu aliuliza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: kwa nini hawaihamishi meza yake chini? Mimi sikuwaza hivyo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mchumba hutoka juu.

Mke wangu, siku hizo akiwa bado binti wa watu, alifanya kazi ofisi ya maji, ghorofani, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Nilimpenda. Kwa hiyo kila nikipata nafasi nilikwenda kusimama chini ya dirisha lile, mikono nimeitanua kidogo, si sana, nisije nikaonekana mshamba. Mwishowe alishuka, kwa ngazi, akaniuliza, "Samahani, kaka, kila siku unasubiri nini hapa?" Nikamwambia ukweli: "Nasubiri uanguke."

Alimwita mlinzi. Nilinusurika kwa sababu mlinzi naye alikuwa msomaji wenu. Aliniangalia mikono jinsi nilivyoitega, akamwambia, "Dada, huyu hana ubaya. Huyu amekuja kukudaka." Tulioana, nashukuru, lakini ndoa ina madoa yake. Balbu ikiungua nyumbani, mke wangu hapandi kwenye kiti mpaka kwanza nitoke nje nikasimame uani. Anasema hapendi ninavyomtazama.

7. Tanuru. Ndugu Mhariri, hayo yote ningeyameza. Hili limenikaba.

Nina kaka yangu mkubwa, mpima ardhi. Majarida yenu tuliyasoma pamoja tukiwa tumelala kitanda kimoja, yeye akifunua kurasa kwa sababu ndiye mkubwa. Katika toleo la mwisho, Daktari Kutu amemfunga Bwana Kishindo ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma, mkono mmoja kaskazini na mwingine kusini ili asiweze kupiga makofi. Mlango unajifunga. Chini mmeandika, "Je, huu ndio mwisho wa Bwana Kishindo? Usikose toleo lijalo."

Hatukulikosa sisi. Mlilikosa nyinyi. Tulikwenda kwa muuza magazeti tukachoka, mpaka akatuhurumia, akasema, "Wanangu, wale wamefunga." Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni kaka akasema, "Basi amekufa." Mimi nikasema hakufa, alipiga makofi kwa miguu. Kaka akasema mguu wenye buti haupigi makofi.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao umekua pamoja nasi, umeota ndevu pamoja nasi. Alipohitimu upimaji, kazi yake ya kwanza kwa hiari ilikuwa kuchora ramani ya lile tanuru kwa vipimo, kunithibitishia kwamba joto lingemfikia kabla ya miguu kukutana. Mimi nilishona buti za turubai, nikamwalika aje asikie zinavyolia. Akaja, akasikiliza, akasema hiyo ni sauti ya mtu anayekung'uta mkeka. Mwishowe, mbele ya wakwe zangu, watu ambao nilikuwa bado natafuta heshima kwao, alisema, "Msimshangae mdogo wangu, mpaka leo anaamini viatu vinapiga makofi." Wakwe walicheka. Toka siku hiyo hatusalimiani.

Sasa binti yangu anaolewa Jumamosi. Baba yake mkubwa ndiye anayetakiwa kusimama na kusema neno la familia, maana mimi nikisimama nalia, tena kwa mluzi. Binti alikwenda kwake kumwomba, akarudi macho mekundu. Alisema baba mkubwa ameagiza hivi: ataketi meza moja nami siku nitakayokiri kwamba Bwana Kishindo alikufa. Nilijibu kwa yule yule mjumbe kwamba siwezi kumzika mtu ambaye sijaona maiti yake. Binti yangu amekaa jikoni, analia kwa ajili ya mtu wa karatasi, na mama yake hanisemeshi. Anaweka sahani mezani kwa namna ambayo hata pasipo nguvu za ajabu inatoa kishindo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwa heshima zote naomba mambo mawili. Mosi, unitumie kabla ya Jumamosi waraka rasmi, wenye mhuri, unaothibitisha kwamba Bwana Kishindo alitoka tanuruni akiwa hai, na kwa miguu. Kama alikufa, nieleze alizikwa wapi, ili nami nifunge duka na kukaa matanga. Pili, kama hata nyinyi hamjui, basi msichape chochote. Chomeni mabamba ya kuchapia, mwageni wino. Hamna haki ya kuchukua kizazi ambacho hakijawakosea kitu na kukiacha mlangoni mwa tanuru, ndugu na ndugu yake, kila mmoja akivuta upande wake.

Nisalimie wachoraji wote, walio kazini na waliostaafu. Yule wa rangi mwambie sina kinyongo naye, ila apimwe macho. Salamu pia kwa wafagiaji, wapiga chapa, na mama anayewachemshia chai. Kama Daktari Kutu alichorwa kwa kumwangalia mtu wa kweli, msalimie naye, mwambie mashine za kuazima hurudishwa.

Ni mimi, msomaji wenu niliyesalia mlangoni,
Fundi Cherehani, jirani wa kinyozi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, kaka akaingia dukani. Alisema amekuja kama mteja, si kama ndugu, kwa sababu bega lake moja limeshuka na hakuna fundi mwingine anayejua kulificha. Nikampima. Nilipoinama kupima mguu, akaiona barua hii mezani, akaisoma yote. Kisha akachukua kalamu yangu, akasema, "Namba moja umekosea. Kwenye daraja kofia haikuvuliwa, ilipeperushwa na upepo." Nikamwambia haiwezekani. Akauliza katoni iko wapi.

Tumeketi sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, mteja wa sare za shule tumemwambia arudi kesho. Tulipofika kwenye tanuru, kaka aliomba lenzi, akatazama sana, akasema kwa sauti ya chini, "Buti la kushoto halina kamba. Hili linavulika." Mimi nami, nikitazama pale pale kwa mara ya kwanza bila ubishi, nikaona unene wa ule mlango, ambao hata kofi la miguu lisingeubomoa. Sasa kaka ndiye anayesema alipona, na mimi naona wazi kwamba alikufa. Amesema Jumamosi ataketi karibu yangu kabisa, maana hawezi kuniacha na upumbavu huo.

Kwa hiyo tafadhali usitujibu. Kama umeshaandika waraka, uchane. Majarida yachapeni yote, na makosa yake yote, rangi ivuje pale pale ilipovuja, na mtuwekee nakala mbili mbili, kwa kuwa kaka hasomi cha kuazima.

Binti yangu ameingia sasa hivi na gauni lake la harusi mkononi, ametukuta tumelala chali, miguu juu, tunagonganisha viatu, akauliza kulikoni. Baba yake mkubwa amemjibu, "Funga mlango, mwanangu, haya ni mambo ya watu wazima."