Miji Kumi na Mmoja ya Bwana Stutzman

Firmin Dhondt alikuwa mkahawani mbele ya stesheni ya Brussels, akinywa kahawa iliyonunuliwa na mtu mwingine, alipowaona. Mume na mke wa makamo walikuwa wamesimama katikati ya uwanja na ramani ya Ulaya nzima imekunjuliwa mbele yao, upepo unaipiga kama shuka kwenye kamba. Mume alivaa viatu vyeupe. Firmin alivitazama viatu vile kwa upendo wa dhati, akameza kahawa yake yote mara moja na kuinuka.

"Jamani, ramani hiyo mtairarua," aliwaambia kwa Kiingereza laini kama siagi. "Njooni mkae hapa. Kahawa juu yangu."

Mume aliitwa Orville Stutzman, mwuza matrekta kutoka Ohio. Mkewe aliitwa Verna, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika Ulaya, na walikuwa na siku tisa kabla ya ndege yao ya kurudi, ambayo ingeondokea Paris.

"Siku tisa," Firmin alisema, akikuna kidevu. "Hapo, mzee wangu, ni miji miwili. Mitatu mkijibana sana. Kila mkihama mnapoteza nusu siku: mfunge mizigo, mngoje treni, mtafute hoteli, na mkifika mmechoka hata kugombana hamuwezi. Nendeni Venisi mtulie, kisha mmalizie Paris, mpande ndege yenu. Msirudi nyuma mlikotoka, maana njia ile ile mara mbili ni siku mmeitupa."

Hapa ni lazima tumtendee haki. Ushauri ule ulikuwa safi kabisa, na aliyeutoa alikuwa tapeli. Firmin alizijua treni za Ulaya kuliko alivyowajua wapwa zake. Kilichomuumiza ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya Lille, mji wa Ufaransa ambako mtu wa Ghent kama yeye anaweza kwenda na kurudi chakula chake hakijapoa. Miaka yote hiyo anawauzia wenzake Ulaya, na Venisi anaiona kwenye kalenda ya kinyozi wake! Kalenda ile ilimnyima raha. Mwaka huo wa 1973 alikuwa ameapa kwamba pesa nzuri ya kwanza itakayomwangukia itakuwa ya safari yake mwenyewe, Venisi, akae mpaka achoke.

"Miwili?" Orville alifoka. "Wewe kijana unanitania? Jirani yangu Hershberger alitembelea tisa. Tisa! Alituita kanisa zima akatuonyesha picha ukutani, mji baada ya mji, mpaka mchungaji akasinzia. Mimi nataka kumi na mmoja."

"Orville," Verna alisema polepole, "mimi ningependa tukae mahali pamoja, nipumue."

"Utapumua Ohio."

Firmin alimtazama yule mzee, akaona hakuna dawa. Ukweli alikwisha kuutoa bure na umekataliwa. Akavuta kiti karibu. "Kumi na mmoja inawezekana," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya familia. "Lakini si kwa treni. Ni kwa gari dogo, kwa njia za ndani, na dereva anayezijua. Nusu ya malipo sasa, nusu tukifika Venisi."

"Sasa unaongea kiume," alisema Orville, na Verna akafungua mkoba.

Jioni ile ile, kabla hata ya kutia mafuta garini, Firmin alikimbilia dirisha la tiketi, kwa karani rafiki yake ambaye hakosi kitanda cha akiba hata treni ikijaa. Akajinunulia kitanda katika treni ya usiku ya kwenda Venisi, akalipia na hoteli. Tiketi akaichomeka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akawa anaigusagusa kila baada ya dakika mbili.

Ubelgiji ni nchi ndogo, lakini Mungu ameigawia vitu vingi. Kuna vilima, kuna misitu, kuna makanisa ya kila umri, na zaidi ya yote kuna ukungu. Zurich ilipatikana kwenye vilima vya Ardennes asubuhi moja ya ukungu mzito.

"Milima mikubwa iko wapi?" aliuliza Orville, akiinua kofia iliyomfunika uso. Gari lilipokuwa likiondoka tu, mzee huyo alilaza kichwa, akafunika uso na kukoroma. Kwa Firmin hiyo ilikuwa baraka isiyo na kifani.

"Iko nyuma ya ukungu, mzee. Mikubwa ajabu."

"Nipige picha hapa hapa."

Akapigwa. Akapanda tena garini, akafunika uso.

"Mbona hatujaona forodha?" Verna aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, Ulaya ya siku hizi hatusumbuani."

Huko Baarle mambo yalikuwa matamu zaidi. Kijiji hicho nusu ni cha Uholanzi na nusu cha Ubelgiji, tena vipande vipande, na mstari wa mpaka unapita katikati ya barabara, unaingia duka la mkate na kutokea jikoni kwa watu. Wenyeji wamezoea, hawashtuki. Firmin alimsimamisha Orville kwenye mstari huo mbele ya bucha.

"Kiatu cha kushoto kiko Liechtenstein," alitangaza. "Cha kulia kiko Austria."

"Hershberger hakuwa na hii!" Orville alisema, na macho yakamlengalenga kwa furaha. Aliuruka mstari ule mara nyingi hivi kwamba mwenye bucha alitoka nje na kisu mkononi kutazama.

Tatizo lilikuwa malazi. Hoteli za kweli zina majina ukutani, tena zinataka pesa. Kwa hiyo kila jioni Firmin aliwarudisha Ghent, nyumbani kwa shangazi yake Godelieve. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa barabarani na mlango wa mferejini. Siku ya Zurich waliingilia mbele, wakalala chumba cha chini. Siku ya Vienna waliingilia nyuma, wakapewa chumba cha juu, na Shangazi alikuwa amebadilisha mapazia, vitambaa vya meza na nywele zake.

Siku ile ya Vienna, Orville akiwa amejilaza juu, Verna alishuka jikoni. Firmin alikuwa anakula supu ya kuku. Verna alikuwa amembeba paka wa nyumba, jike la kijivu.

"Huyu alilala miguuni kwangu Zurich," alisema. "Leo yuko Vienna. Yeye alipanda gari gani?"

Firmin alimeza kipande cha kiazi bila kukitafuna. "Mama, paka wa huku wanafanana sana."

"Wote wamekatika sikio la kushoto?"

Shangazi Godelieve, ambaye Kiingereza hakukijua ila aibu aliijua vizuri, alichukua kikapu chake akaenda kununua mkate ambao tayari ulikuwa mezani.

"Sikiliza, mwanangu," Verna alisema, akavuta kiti. "Sijaja kugombana. Umetulaza kitanda safi, tunakula vizuri, kila siku tunatembezwa na kurudi. Kwa kweli hii ndiyo safari niliyoitaka. Lakini niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo nafua nguo zenye grisi ya matrekta huku nikiifikiria Venisi. Kesho kutwa najua utanipeleka mahali uniambie ndiyo hiyo. Siwezi. Hilo siwezi kulivumilia."

Firmin hakuwa amejiandaa kwa maneno kama hayo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Kama ungekuwa unanipangia mimi peke yangu," Verna aliendelea, "ningeendaje?"

Na hapo ndipo alipommaliza, kwa kuwa hilo ndilo swali Firmin aliloomba aulizwe tangu ujana wake. Alisogeza bakuli, kichupa cha chumvi akakifanya Brussels na kijiko akakifanya reli.

"Treni ya usiku, mama. Kitanda cha chini, usije ukahangaika na ngazi. Asubuhi ukisikia Milan usishuke, hata wakikuimbia. Venisi ukifika usikimbilie ule uwanja mkubwa, kila mtu yuko huko saa hiyo. Ingia kichochoro chochote. Kahawa inywe umesimama, maana ukikaa bei inapanda. Lala siku tatu, si pungufu. Siku ya kwanza utapotea na kukasirika. Ya pili utapotea na kucheka. Ya tatu hutataka tena mtu akuonyeshe njia. Ukimaliza hapo ni treni moja tu mpaka Paris, unamkuta mzee uwanja wa ndege."

"Inaonekana umekwenda mara nyingi."

"Sijawahi kufika hata siku moja," Firmin alisema, na kabla hajajizuia mkono umekwisha kuingia mfukoni na kuitoa tiketi ili aionyeshe. "Naondoka kesho jioni. Mzee ningemwambia nimeitwa msibani, ningewaacha hapa kwa Shangazi mnisubiri."

Verna aliisoma tiketi. Alimweka paka chini.

"Hiyo utanipa mimi," alisema.

"Mama!"

"Utanipa mimi, na hoteli yake. Orville utamwambia miguu imenivimba, nimetangulia Paris. Endelea naye, mpeleke Venisi yako, na nusu iliyobaki atakulipa hapo hapo. Anazo kwenye mkanda wa tumboni. Ukikataa, napanda juu kumwamsha."

Firmin alihangaika moyoni. Kumpa mtu tiketi ile ilikuwa sawa na kung'olewa jino bila ganzi. Lakini nusu iliyobaki ingempeleka Venisi mara mbili, tena kwa hoteli yenye kibaraza. Tena huyu mama, alijiambia, ana roho nzuri, haya yote yatabaki baina yetu. Akampa.

Kesho yake jioni alimpeleka stesheni mwenyewe, akambebea sanduku, akamfutia vumbi kwenye kiti. Verna alimshika mkono kwa mikono yote miwili akamshukuru, na Firmin alirudi garini akijiona karibu mtakatifu.

Mchana uliofuata walikuwa Brugge, kule kule Ubelgiji. Kengele zilikuwa zinalia, mifereji imetulia, mabata wanaelea, mvulana mmoja anauza vile vikate vitamu vinavyobanwa kwenye vyuma vya moto. Firmin alisimamisha gari kando ya daraja la mawe, akafungua mlango kwa mbwembwe.

"Venisi!"

Orville alitoa kofia usoni. Alitazama maji, akatazama nyumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi. Nipige picha."

"Kwanza, mzee, lile jambo letu dogo," Firmin alisema, akisugua viganja. "Nusu iliyobaki."

"Anayo Verna."

Firmin alicheka. "Mama alisema unazo wewe. Kwenye mkanda."

Orville alifungua vifungo vya shati, akatoa mkanda na kumpa. Ndani mlikuwa na peremende.

"Alisema pia kwamba mimi nimelala, siyo?" Orville aliuliza. "Hebu niambie, ni nani anayeweza kulala ndani ya hili kopo lako? Mgongo wote umekwisha. Nilikuwa nafumba macho nisione unavyopinda kona."

Firmin alijishikiza kwenye ukingo wa daraja.

"Tuligundua tangu Zurich," mzee aliendelea bila hasira yoyote, akimenya peremende. "Verna aling'aka. Nikamwambia tulia mke wangu. Wewe unataka Venisi, mimi mji usio na barabara nitaufanyia nini? Mimi nataka picha za kumziba mdomo Hershberger, na picha zako ni nzuri, Mungu shahidi. Shida yetu ilikuwa kitanda kwenye treni. Tuliulizia Brussels kabla hujatuita kahawa, vimejaa mpaka vuli. Mara ukainama kunipiga picha, nikaiona tiketi ya Venisi inachungulia kotini."

"Mmeniingiza mkenge," Firmin alisema kwa sauti nyembamba. "Nyinyi! Watu wa kanisani!"

"Tumebakiza Florence, Roma na Paris. Paris ni ile yenyewe, kijana, unanifikisha mpaka uwanja wa ndege."

"Kwa pesa gani? Mafuta nani atatia? Nakuacha hapa hapa!"

"Niache," Orville alisema kwa upole, akanyoosha kidole ng'ambo ya daraja. "Yule pale ni askari. Nimsemeshe Kiitaliano, au ana lugha nyingine?"

Askari aliona amenyooshewa kidole, akawapungia mkono. Firmin naye akampungia.

Kisha alichukua kamera, maana hapakuwa na lingine la kufanya. Saa ile treni ilikuwa imekwisha kufika. Verna alikuwa tayari ndani ya kichochoro fulani na mkoba wake, amepotea na kukasirika, kama alivyoelekezwa, na kitanda atakacholalia kina jina la Dhondt. Firmin alimwonea wivu. Alipiga picha mbili, ya tatu ikamshinda, macho yamejaa maji, akawa anajifuta kwa mkono wa koti.

"Usilie, bwana," Orville alisema, na safari hii aliongea kama baba wa mtu. Aliinyakua kamera. "Verna aliniambia kwamba hata wewe hujawahi kufika. Haya, simama pale mimi nikupige."

Firmin alimtazama aone kama anadhihakiwa. Hakuwa anadhihakiwa. Alisimama mbele ya maji, akanyoosha kola, akapangusa uso.

"Ngoja kwanza," alisema, akaenda kuiondoa baiskeli iliyoegemezwa kwenye ukingo wa daraja. "Venisi hakuna baiskeli."