Somo la Kutukanwa Grimsby

Des Tuckwell alikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi, mjini Grimsby, riziki ilipojileta yenyewe. Mbele yake alisimama Peregrine Ashcombe, mgombea ubunge aliyeletwa kutoka London, akimwambia muuzaji, "Ningependa kuuliza, endapo si usumbufu, kama ingewezekana nikapatiwa kipande cha samaki."

"Bila shaka, mheshimiwa," muuzaji akajibu kwa upole wa kutisha.

Nje lilikuwa limeegeshwa gari la mgombea, la kizamani, la kijani, linang'aa. Des, mtu wa kudandia lifti tangu ujana wake, alilitazama akameza mate.

"Kura hupati," akamwambia mgombea mlangoni. "Kiingereza chako kimepigwa pasi mno. Hapa mtu akikuita mheshimiwa, ujue keshakutema. Akikupenda, anakutukana."

"Ole wangu! Mbona mji mzima unaniheshimu?"

"Ndiyo maana nikakuonea huruma. Nitakufundisha. Wakikutukana mbele za watu, gari lako linakuwa langu. Wasipokutukana, hunipi kitu."

Wakapeana mikono. Wiki nzima Des, profesa asiye na chuo, akamvunjavunja sarufi: toa "ningependa", tupa "endapo", meza nusu ya neno. Mgombea alisoma kwa bidii, akaishia kuongea kama mtu mwenye jino bovu. Des hakujali. Alikwisha kumwona Noreen, mwenye baa.

"Jumamosi mchana namleta. Atawanunulia watu bia. We mwite bwege tu, basi."

"Bwege ni wewe, mbwa koko," Noreen akamjibu kwa mapenzi. Des hakuwa na mke wala ndugu. Baa ile ndiyo ilikuwa kwao, na hapo hakuwahi kuitwa kwa jina lake.

Jumamosi mgombea akaingia bila tai, Des nyuma yake. "Oyaa, Noreen! Mwagia wote!" Kisha, kwa furaha ya mwanafunzi aliyefaulu, akaropoka: "Des mkali! Kasema nyie mtu akibananga lugha tu, kura mnampa. Eti akili zenu zimeishia kwenye glasi!"

Watu wakamgeukia Des. Noreen akashika kiuno.

"Na wewe ukamwamini? Zuzu mkubwa wee! Kaa hapo unywe, na uongee ulivyolelewa!"

Watu wakaangua kicheko. "Sogea, kichwa maji," mzee mmoja akamwambia mgombea, akampa nafasi kwenye benchi. Mgombea machozi yakamlenga. Akatoa ufunguo bila kuombwa.

Des akaudaka. Gari lake! Akapiga kaunta kwa kiganja. "Noreen, nitilie moja!"

"Habari za mchana, Bwana Tuckwell. Je, ungependelea kinywaji gani?"

Des akacheka, akacheka peke yake. Akamgeukia Ron, mshirika wake wa kunywa wa miaka yote. Ron akavuta kiti pembeni.

"Samahani, bwana. Tafadhali pita."

Ufunguo ukaanza kulowa jasho mkononi mwake. Aliogopa, tena aliogopa kweli.

"Noreen, acha hizo. Niite mbwa."

"Nisingethubutu, bwana."

"Bwege, basi. Bwege tu, Noreen!"

Noreen akamwekea glasi yake juu ya kitambaa safi, akamtakia mchana mwema, kisha akaenda zake kumtukana mgombea.